Kila kifaa kilifanya kazi, na bado maji yaliwakuta watu nyumbani

Swali: Mwalimu, mimi ni mhandisi, nimeajiriwa na mradi wa kutoa tahadhari ya mafuriko sehemu za chini za mto Nzoia, huku Bunyala. Tulifuata uhandisi wa mifumo kama tulivyofundishwa: tukaandika mahitaji, tukaugawa mfumo vipande, tukapima kila kipande peke yake, kisha vyote pamoja. Msimu wa mvua uliopita vihisi, yaani vifaa vya kupima maji ya mto, vilisoma, seva ikapiga hesabu, meseji zikafika kwenye simu. Vijiji viwili watu hawakuondoka. Kijiji cha tatu, karibu na ziwa, maji yaliingia bila kihisi hata kimoja kutoa onyo. Wakubwa wangu wanasema wananchi ni wakaidi, na wanataka tuongeze vihisi. Je, mbinu hii imepitwa na wakati? Na je, nirudi chuo nikasome uzamili wa uhandisi wa mifumo, au nisome kitu kingine?

Jibu: Mhandisi mwenzangu, kabla ya yote nakuomba usikubali neno "wakaidi" liandikwe kwenye ripoti yenu. Likishaandikwa, uchunguzi umekwisha. Mfumo uliojengwa ili watu watoke kwenye maji, halafu watu wasitoke, haujafanya kazi, hata kama kila kifaa kilichomo kilipasi majaribio yake.

Mbinu yenyewe haijapitwa na wakati. Kilichopitwa ni mazoea ya kuuchora mpaka wa mfumo, yaani mstari unaosema kipi kimo ndani ya kazi na kipi kimeachwa nje, mara moja, ofisini, mwanzoni mwa mradi, na kuuacha hapo mpaka siku ya kukabidhi. Vijiji vyako vyote vitatu viliangukia nje ya mpaka huo, kila kimoja kwa upande wake. Nitaanza na kile cha karibu na ziwa, kwa sababu hapo hakuna wa kulaumiwa kwa ukaidi. Hapo ni maji tu na mwinuko wa ardhi.

Vihisi vyenu vinatazama sehemu za juu za mto. Hilo lina maana: Nzoia inatoka milima ya Cherangani na Elgon, inapita Trans Nzoia, Bungoma na Kakamega, na mvua iliyonyesha huko haifiki kwenu papo hapo. Muda huo wa katikati ndio mtaji wa mfumo wowote wa tahadhari. Lakini Bunyala inafikiwa na maji ya namna mbili. Yapo yanayoshuka na mto, na yapo yanayopanda na ziwa. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia ni mvua inayoangukia juu ya ziwa lenyewe. Mito yote ikijumlishwa, Nzoia ikiwemo, inaleta kilichobaki. Mlango wa kutokea ni mmoja tu, Jinja nchini Uganda, ambako kuna bwawa la umeme tangu 1954. Mwishoni mwa 2019 mvua ziliponyesha kupita kiasi Afrika Mashariki nzima, ziwa lilianza kupanda, na Mei 2020 likakipita kidogo kiwango cha 1964, ambacho kilikuwa hakijafikiwa kwa zaidi ya nusu karne. Wakazi wa Dunga hapa Kisumu wanakumbuka, na wa Nyando na Homa Bay pia. Kwenu Bunyala mto ulifika mdomoni ukakuta ziwa limejaa, maji yakakosa pa kwenda, yakarudi nyuma na kutapakaa mashambani na majumbani. Kihisi kilichofungwa Webuye, kule juu mtoni, hakiwezi kuliona hilo, kiwe cha bei gani.

Kwa hiyo mvua inayonyesha Mwanza, Bukoba na Entebbe ni sehemu ya mfumo wako, na uamuzi wa kufungua au kufunga maji kule Jinja pia ni sehemu yake. Kenya inamiliki kama asilimia 6 tu ya uso wa ziwa hili. Ukichora mpaka wa mfumo kwenye mpaka wa kaunti, au hata wa nchi, umeliacha nje jambo kubwa kuliko yote uliyoyaweka ndani.

Afueni ni kwamba ziwa linapanda polepole, kwa wiki na miezi, na kulipima hakuhitaji mashine ya gharama. Nguzo yenye alama za sentimita, mtu wa kuisoma kila asubuhi, na daftari. Tume ya Bonde la Ziwa Victoria, ambayo ni chombo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, makao yake makuu yako hapa hapa Kisumu. Kazi ya kihandisi inayokusubiri ni kuacha kutumia kiwango kimoja cha hatari kwa misimu yote. Kipimo cha mto pale Rwambwa ambacho ni cha kutazama tu wakati ziwa liko chini, kinaweza kuwa cha kuhama wakati ziwa liko juu. Kiwango cha tahadhari lazima kihesabiwe kwa namba mbili, ya mto na ya ziwa, na kirekebishwe kila mwezi. Wakubwa wako wakisisitiza kuongeza kihisi, waambie kiwe hicho cha ziwa, na kabla ya kuongeza kingine muwasikilize watu kwanza.

Utaniuliza mbona ziwa liliachwa nje tangu mwanzo. Siujui mradi wenu kwa undani, lakini nimeisoma michoro mingi ya miradi ya maji, umeme na afya katika eneo hili la magharibi, na mara nyingi mpaka wa mfumo unafuata mpaka wa mkataba. Mfadhili amelipia mto, basi mfumo ni mto. Wizara imepewa vifaa, basi mfumo ni vifaa. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba ziwa halina umuhimu. Lilikosa tu mstari kwenye bajeti. Huu ndio ugonjwa ninaoupigania zaidi katika taaluma yetu. Kuuchora mpaka ni uamuzi mkubwa kuliko kuchagua kihisi au programu, na bado tunawaachia watu wa ununuzi.

Sasa tuje kwenye vijiji viwili vya kwanza.

Uhandisi wa mifumo ulilelewa kwenye kazi za namna fulani. Maabara za Bell nchini Marekani zilianza kulitumia jina hilo miaka ya 1940 kwa ajili ya mitandao ya simu. Miaka ya 1950 ukakomazwa na mradi wa makombora ya masafa marefu, na miaka ya 1960 safari ya mwezini ikaupa heshima duniani kote. Mwaka 1961 Rais Kennedy alitangaza lengo, watu wapatao 400,000 wakashiriki kazi hiyo, na 1969 binadamu akatembea mwezini. Ni kazi ya ajabu na ninaifundisha kwa moyo wote. Lakini tazama ilivyokuwa: lengo liliingia katika sentensi moja, mwenye mradi alikuwa mmoja, na mwezi hauhami ukisikia roketi inakuja. Kwenu lengo linabishaniwa, wenye mradi ni wengi, na kitu mnachokishughulikia kinawasikia na kubadilika.

Mwaka 1973 wasomi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Horst Rittel na Melvin Webber, waliandika kuhusu matatizo ya aina hii. Walionyesha kwamba hayana siku ya kumalizika, kwamba kuyaeleza tu tayari ni kuchagua upande, na kwamba kila jaribio linaacha alama isiyofutika. Hoja hiyo ya mwisho ndiyo inayokuhusu. Ukilipima bomba kwenye maabara likapasuka, unaleta jingine. Ukituma tahadhari kijijini na maji yasifike, huwezi kuirudisha. Meseji mliyoituma msimu uliopita imo ndani ya mfumo wa msimu ujao, kwa sababu watu wanaikumbuka.

Hebu fuata ujumbe wenu mpaka unapofikia, kama unavyofuata maji ndani ya bomba. Simu ni ya nani katika nyumba ile? Ikiwa ni ya baba na yeye yuko Busia au Kisumu kikazi, meseji imefika, lakini haikufika nyumbani. Je, ina chaji? Imeandikwa kwa lugha gani, na je, bibi wa miaka sabini anayezungumza Kinyala anaielewa? Inasema "kiwango cha maji kimefika mita kadhaa," au inasema "wa upande wa chini wa barabara wahame kabla ya giza"? Akishaielewa, anaanza hesabu zake. Ng'ombe atawapeleka wapi? Mpunga uliovunwa utabebwa na nani? Usiku nyumba ikiwa tupu, wezi hawatakuja? Kambi ni shule ya msingi: ina vyoo vingapi, na binti yake atalala wapi salama? Na mara ya mwisho walipoambiwa wahame, maji yalifika?

Mtu akibaki nyumbani baada ya hesabu hiyo, amefanya uamuzi kwa data aliyonayo, na data yake inaweza kuwa nzuri kuliko yetu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kazi yetu ni kuibadilisha hesabu yenyewe: ng'ombe wapate pa kwenda, nyumba ilindwe, kambi iwe na heshima. Mambo hayo hayako kwenye mchoro wenu, na ndiyo yanayoamua kama mfumo utafanya kazi.

Wapo watakaokwambia hayo ni ya maafisa wa jamii, mhandisi abaki na mashine zake. Wakumbushe ndege ya Boeing 737 MAX iliyoanguka Machi 10, 2019 ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi. Watu 157 walikufa, na Wakenya ndio waliokuwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Programu iliyoisukuma pua ya ndege chini ilikuwa ikisikiliza kihisi kimoja tu, kinachopima pembe ya ndege dhidi ya upepo. Hilo peke yake ni kosa kubwa. Lakini uchunguzi ulifichua pia jambo la pili: usalama wa programu ile ulitegemea makisio kwamba rubani angetambua tatizo na kulijibu haraka kwa namna iliyotarajiwa, wakati ndani ya chumba chake kengele kadhaa zinalia kwa pamoja. Waliohesabu walimweka rubani ndani ya mfumo kama kipande kisichochoka wala kushtuka. Ninyi mmemweka mama wa Bunyala vivyo hivyo. Mahali fulani kwenye hati yenu, hata kama hakuna aliyeandika waziwazi, kuna makisio kwamba apokeaye ujumbe ataondoka. Yatafute makisio hayo, uyaandike kwa wino, kisha uyapime kama unavyopima kihisi.

Profesa Nancy Leveson wa chuo cha MIT nchini Marekani ameitetea hoja hii kwa miaka mingi: ajali inaweza kutokea bila kipande chochote kuharibika, kwa sababu usalama unatokana na jinsi vipande vinavyoathiriana. Ndiyo maana majaribio yenu ya kipande kwa kipande yalipasi.

Nchi iliyonifundisha zaidi kuhusu tahadhari ni Bangladesh. Kimbunga cha Novemba 1970 kiliua watu wanaokadiriwa kuwa 300,000 au zaidi kule. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali na Msalaba Mwekundu wakaanzisha mpango wa kujiandaa na vimbunga, na baada ya miongo kadhaa vifo vikawa vimeshuka sana: kimbunga cha 2007 kiliua maelfu kadhaa, na cha 2020 makumi. Setilaiti zilisaidia, ni kweli, na ongezeko la majengo ya kujikinga likasaidia zaidi. Ila katikati ya mfumo ule kuna makumi ya maelfu ya watu wa kujitolea, wake kwa waume, wanaokaa vijijini humo humo, wenye vipaza sauti na bendera, ambao kazi yao ni kugonga mlango wa jirani wanayemjua kwa jina. Na pia walijenga vilima vya udongo vya kuokolea mifugo. Hilo la mifugo nakuomba ulitafakari. Kuna aliyesikiliza kwa makini akaelewa kwamba mfugaji hataondoka bila ng'ombe wake, akaamua kilima cha ng'ombe ni sehemu ya mfumo wa tahadhari. Huyo alikuwa mhandisi wa mifumo, awe alikuwa na cheti au hakuwa nacho.

Kuna kanuni ya Ross Ashby, mwanasayansi Mwingereza, ya mwaka 1956, inayoeleza kwa nini njia ile ilifanikiwa: anayedhibiti jambo lazima awe na namna nyingi za kujibu kama jambo lenyewe lilivyo na namna nyingi za kubadilika. Meseji moja kwa kaya zote ni jibu la aina moja kwa hali za aina mia. Mzee anayehitaji kubebwa, mjamzito wa miezi minane, mvuvi ambaye boti yake ndiyo mali yote aliyonayo, hao hawawezi kuhudumiwa na sentensi moja. Mtu wa kujitolea anayewajua anaweza. Binadamu aliyefunzwa, mwenye koti la mvua na tochi, ana uwezo mpana wa kujibu kuliko seva yenu.

Sasa, nisieleweke kwamba nasema tuitupe nidhamu ya zamani na kukaa tukizungumzia utata. Napinga hilo kabisa. Wapo wanaohubiri siku hizi kwamba dunia imekuwa ngumu mno kupangwa, basi tuanze tu na tutajifunza njiani. Wanaokufa njiani si wao. Nidhamu ya kuandika kila maungio, yaani kila mahali vipande viwili vinapokutana, ni hazina. Tazama mradi wa upepo wa Turkana kule Loiyangalani: mitambo 365 ya megawati 310 ilikuwa imesimama tayari mwaka 2017, lakini laini ya umeme ya kilomita 428 hadi Suswa ikakamilika 2018. Kwa zaidi ya mwaka mzima upepo ulivuma na umeme haukuwa na njia ya kutoka. Mitambo ya upepo ilikuwa na msimamizi wake, laini ilikuwa na msimamizi wake, na yale maungio ya katikati ndiyo yaliyouchelewesha mradi mzima.

Ninachokuomba ni kuipeleka nidhamu hiyo hiyo mahali ambapo hatujazoea kuipeleka. Mna hati ya maungio kati ya kihisi na seva: aina ya data, kasi, nini kitafanyika ikikatika. Je, mna hati kama hiyo kati ya seva na chifu? Nani anampigia, ndani ya dakika ngapi, akikosekana anapigiwa nani, na tunajuaje kwamba amesikia? Kati ya chifu na mzee wa kijiji? Kati ya mzee wa kijiji na mwenye trekta atakayewabeba wasioweza kutembea, na nani anamlipa mafuta usiku huo? Katiba ya 2010 imeiweka kazi ya kukabiliana na majanga kwa serikali ya kitaifa na pia kwa kaunti. Kazi ya wawili, isipoandikwa nani anafanya nini saa ngapi, inakuwa yatima. Andikeni, msaini, na msaini na wazee wa vijiji pia, si maafisa peke yao.

Mfano wa karibu wa mpaka uliochorwa upya ni maji ya Nyalenda hapa Kisumu. Kampuni ya maji ya mji ilikuwa na mabomba makubwa yaliyofika pembeni mwa mtaa, na ndani ya mtaa kulikuwa na vijibomba vya kila namna, vingine vya wizi, maji yakivuja na bili zisilipwe. Jibu la kawaida lingekuwa mita zaidi na polisi zaidi. Badala yake, miaka ya 2000 kampuni ilianza kuuza maji kwa jumla kwa waendeshaji kutoka jamii yenyewe, kila mmoja na laini yake, nao wakawaunganisha majirani na kukusanya malipo. Watu waliokuwa wakihesabiwa kama tatizo nje ya mfumo waliingizwa ndani kama sehemu yake, wakiwa na faida yao halali. Mpango huo una kasoro zake, na bei ya mwisho kwa mpangaji inahitaji jicho la karibu. Lakini umeyafikisha maji mahali ambapo mita na polisi visingefika.

Liko jambo moja gumu zaidi ambalo lazima uliweke mezani mapema. Tangu miaka ya 1940 mwanajiografia Mmarekani Gilbert White alionyesha kwamba kinga dhidi ya mafuriko huwavuta watu kuishi karibu zaidi na maji. Tuta likijengwa, ardhi ya nyuma yake inaonekana salama, watu wanalima na kujenga, na siku tuta linapopasuka hasara ni kubwa kuliko ingekuwa bila tuta. Bunyala inayajua matuta hayo vizuri mno: ng'ombe wanayakanyaga, mashamba yanayakaribia, na yamepasuka zaidi ya mara moja. Tahadhari nzuri nayo inaweza kuleta athari hiyo hiyo. Watu wakiuamini mfumo wenu, baadhi watasogea. Simaanishi muache kuujenga. Pimeni pia mahali watu wanapojenga, mwaka hadi mwaka, na mlipeleke jambo hilo kwa wanaopanga matumizi ya ardhi kabla halijawa msiba.

Kuhusu akili unde na utabiri wa kompyuta, ambao hakika utaletwa kwenu na mtu mwenye slaidi nzuri: upokeeni. Unaweza kuwaongezea muda wa onyo, na muda ni uhai. Lakini tabiri hizo zinaboresha kipande ambacho kwenu tayari kinafanya kazi.

Kwa vitendo, kabla ya mvua za Machi, ningefanya hivi. Ningebadilisha kipimo cha mafanikio kwanza, kwa kuwa kila kitu kinafuata kinachopimwa. Ripoti yenu inahesabu meseji zilizofika. Anzeni kuhesabu kaya zilizofika mahali pa juu kabla ya maji. Namba hiyo mwanzoni itakuwa ya aibu, na wakubwa wako hawataipenda, lakini ndiyo pekee inayosema ukweli kuhusu kazi yenu. Kisha ningekwenda kwenye vile vijiji viwili bila gari la mradi lenye nembo, nikakaa na wanawake peke yao, na wavuvi peke yao, na nisiulize "kwa nini hamkuondoka?" Swali hilo lina kidole ndani yake. Ningeuliza usiku ule ulikwendaje, tangu jioni mpaka asubuhi, nani alifanya nini, na ningeandika. Utashangaa jinsi maungio yaliyokatika yatakavyojitokeza yenyewe kwenye masimulizi.

Baada ya hapo fanyeni zoezi la kuhama, na mlifanye usiku, mvua ikinyesha ikiwezekana. Zoezi la saa nne asubuhi mbele ya wageni linathibitisha tu kwamba watu wanaweza kutembea mchana. Tazameni ni wapi watu wanakwama: kwenye tope, kwenye ng'ombe, kwenye mlango wa shule ambao ufunguo wake uko kwa mwalimu anayelala kilomita tano. Ufunguo ule ni kipande cha mfumo wenu. Uingizeni kwenye orodha ya vipande, na jina la mwenye nakala ya pili.

Na tahadhari ikitoka halafu maji yasifike, msikae kimya. Rudini kijijini wiki ile ile, mueleze kwa redio na barazani kilichoonekana, kwa nini mliamua kuonya, na kwa nini mto ulishuka. Watu wa mtoni wanajua kwamba mto hubadili nia. Wanachokosa ni mtu wa kuwaheshimu kiasi cha kuwarudia.

Mwisho wa kila msimu, uchoreni mpaka upya, barazani, wale wanaoishi huko wakiwepo na kalamu wakiwa nayo wao. Waulize nini kilichowaamulia usiku ule ambacho hakimo kwenye mchoro. Hapo ndipo ninapotofautiana na vitabu vingi tulivyosomeshwa: mpaka si hatua ya kwanza ya mradi, ni kazi ya kila mwaka, na inahitaji fungu lake la bajeti. Ongea na wakubwa wako kuhusu fungu hilo sasa, mradi ukiwa na pesa. Vifaa vya mto vinaharibika, betri zinaibwa, na swali la nani atanunua vocha za meseji mfadhili akiondoka lazima lijibiwe na kaunti kwa maandishi kabla hajaondoka.

Sasa kuhusu masomo. Usirudi kusoma uzamili wa uhandisi wa mifumo mwaka huu. Msingi unao, na barua yako inaonyesha hivyo: uliona kwamba majaribio yamepasi na kazi imeshindwa, na hukukubali maelezo rahisi. Unachokosa ni elimu ya maji na elimu ya watu. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro pale Kakamega kinafundisha usimamizi wa majanga, na ni karibu kiasi kwamba unaweza kusoma ukiendelea na kazi. Ukipata nafasi, chukua masomo ya hidrolojia ili uweze kuliunganisha ziwa na mto kwa hesabu zako mwenyewe, na uchukue angalau somo moja la mbinu za utafiti wa jamii, la kukaa na watu na kusikiliza. Utafiti wako ufanye juu ya vijiji hivi vitatu. Na ukishaandika ile hati ya maungio kati ya seva na chifu, niletee hapa Kisumu tuipitie pamoja, ukiwa umekuja na mzee mmoja wa kijiji atakayeitumia.